Mwenye Kitabu ni Nani? Hotuba kwa Walimu, Wakutubi na Wenye Steshenari wa Kigoma

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na mlionyamaza mara zote mbili, hamjambo?

Walimu wangu, wakutubi, ndugu zangu wenye steshenari za Mwanga, Gungu na Ujiji, vijana mnaoingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu, na watunzi wachache mliokaa nyuma kabisa kama ilivyo desturi ya watunzi: nimeombwa nizungumzie vitabu vya kidijitali na uharamia wake. Naona wengine mmekuja na nyuso za watu walioitwa ofisini. Tulieni. Vitabu vya wizi vimemnufaisha zaidi mtu asiyekaa Kigoma wala asiyejua mgebuka unaliwaje. Tutamfikia.

Tuanze na neno "kununua", maana hapo ndipo mchezo unapoanzia.

Ukinunua dumu la mawese pale sokoni, ni lako. Muuzaji hawezi kuingia jikoni kwako usiku akalimwaga, kisha akakuachia hela zako mezani. Kwenye kitabu cha kidijitali hilo limeshafanyika. Julai 2009, Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, iligundua kwamba nakala za vitabu viwili vya George Orwell zilizokuwa dukani kwake ziliwekwa na mtu asiye na haki ya kuviuza Marekani. Ikazifuta kwa mbali kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu, vya wateja waliokwisha kulipa, bila hodi. Hela zilirudi. Jeff Bezos, mkuu wa kampuni wakati huo, akaomba radhi hadharani. Kimoja cha vitabu hivyo kilikuwa 1984, kinachoeleza dola inayofuta maandishi yasiyotakiwa, na ndiyo sababu habari ile haijasahauliwa hadi leo.

Aprili 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Kufikia Julai mwaka huohuo vitabu vyote vilivyonunuliwa pale viliacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha, na waliokuwa wameandika madondoo yao pembeni waliongezewa dola 25. Fikirini mwalimu aliyetia alama kitabu kizima kwa ajili ya somo, kisha anaambiwa kazi yake ni dola 25. Na Februari 2025 Amazon iliondoa njia ambayo wateja walikuwa wakiitumia kushusha kitabu walichonunua kwenye kompyuta, ili wakihamishie kwenye Kindle kwa waya.

Kitufe kinasema nunua, lakini masharti yaliyo chini yake, yale ambayo hakuna anayeyasoma, yanasema umepewa ruhusa ya kusoma. Kitabu cha karatasi ukikimaliza unakiazima, unakiuza, unamwachia mtoto. Ruhusa haiazimwi, na mwenye nayo akifa inakufa naye. Ni kama kupanga chumba, isipokuwa mwenye nyumba anakuita mnunuzi.

Wakutubi mnisikilize hapa. Mwaka 2011 wachapishaji wa HarperCollins waliamua kwamba kila kitabu cha kidijitali wanachoipa maktaba kiazimwe mara 26, kisha kizime, na maktaba ikikitaka tena ilipe upya. Hoja yao ilikuwa kwamba kitabu cha karatasi nacho huchakaa. Mkutubi yeyote anajua kwamba kitabu kilichoshonwa na kuvishwa jalada la plastiki hakifi mikononi mwa msomaji wa ishirini na sita. Kinapakwa gundi mgongoni, kinabanwa usiku mmoja chini ya matofali, kinarudi rafuni.

Kinachozima vitabu hivi ni kufuli la kidijitali, nalo linafanya kazi hivi. Maneno ya kitabu yanavurugwa kwa hesabu mpaka hayasomeki. Ufunguo wa kuyapanga upya unakaa kwenye kompyuta za duka, nao umefungamana na akaunti yako. Programu ya kusomea inauliza, "Huyu ndiye?" Duka likijibu "Ndiye", ukurasa unafunguka. Sasa hesabuni mahali panapoweza kukatika. Simu imeibwa, na ile barua pepe uliyofungulia akaunti ilitengenezwa na fundi aliyekuuzia simu, nywila anayo yeye. Bando limeisha siku ambayo programu inataka kuhakikisha. Limetoka toleo jipya la programu lisilokubali Android ya zamani, na yako ni ya zamani. Duka limefungwa. Katika yote hayo haramia hayumo. Yeye anahitaji mtu mmoja tu, popote duniani, alivunje kufuli mara moja. Kuanzia hapo nakala zote zinazozunguka ziko wazi. Anayebaki kuhangaika na kufuli ni yule aliyelipa.

Wenye biashara wanalijua hili. Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo za duka lake la iTunes mwaka 2009. Tor, wachapishaji wa riwaya za sayansi ya kubuni, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao mwaka 2012. Mwaka uliofuata tawi lao la Uingereza likaeleza kwamba halikuona ongezeko la uharamia la kutajika. Siapi kwamba kila mchapishaji atapata matokeo hayohayo. Lakini mtunzi wa Kiswahili anayetaka kufuli la kigeni kwa kitabu kitakachouzwa nakala 300 ananunua geti la chuma kwa ajili ya banda la kuku.

Sasa yule niliyesema tutamfikia. Kampuni zinazotengeneza akili mnemba, yaani kompyuta zinazoandika na kujibu maswali, zinalishwa maandishi mengi mno, na vitabu ndiyo chakula kizuri kuliko vyote. Juni 2025, mahakamani San Francisco, Jaji William Alsup alitenganisha mambo mawili. Kufundishia kompyuta kwa vitabu vilivyopatikana kihalali, alisema, kunaruhusiwa na sheria ya Marekani. Kujikusanyia mamilioni ya vitabu kutoka kwenye maktaba za kiharamia za mtandaoni hakuruhusiwi. Kampuni iliyoshitakiwa, Anthropic, ilikubali mwaka huohuo kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu kama 500,000.

Watunzi mlio nyuma, hapa ndipo pa kusogea mbele. Si kila kitabu kilichochukuliwa kiliingia kwenye malipo hayo. Kilitakiwa kiwe na namba ya utambulisho, ISBN au ile ya Amazon, na kiwe kimesajiliwa kwa wakati kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Dar es Salaam na kusajiliwa hapa tu kingeweza kuwemo ndani ya lile rundo na mwenyewe asipate hata senti. Haki yako inazaliwa siku unapoandika, bila kusajili. Huo ndio mkataba wa kimataifa wa Berne, na Tanzania imo tangu 1994. Ila kudai ni habari nyingine, na kudai kunataka karatasi. Sajili kazi yako COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki. Chukua ISBN. Ukiwa na kitabu unachotegemea kitasomwa nje, fikiria na usajili wa huko.

Turudi nyumbani.

Kigoma tunauziana pidiefu. Mtu anafungua kitabu mezani, anapiga picha ukurasa kwa ukurasa, programu inaziunganisha, faili linaingia kwenye kundi la WhatsApp. Kitabu cha kurasa 200, kila picha ikiwa na KB 500, ni MB 100. WhatsApp hailalamiki, tangu 2022 inabeba hadi GB 2. Anayelalamika ni mwenye bando. Na akishalipokea? Chukueni rula. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Skrini ya simu ya kawaida ina upana wa milimita 68 hivi. Ukurasa ukibanwa uenee, herufi ya ukubwa wa 12 inashuka chini ya 4, ndogo kuliko maandishi ya nyuma ya pakiti ya dawa. Kwa hiyo msomaji anavuta kwa vidole viwili, anasukuma kulia amalize mstari, anarudi kushoto atafute mstari unaofuata, anaukosa. Kurasa kumi za hivyo na kichwa kinauma. Ukurasa wa 87 haupo, maana mpigapicha aliruka. Ukurasa wa 112 una kidole gumba.

Bidhaa mbovu namna hiyo inashinda kwa nini? Kwa sababu inapatikana. Saa nne usiku mwanafunzi wa Kasulu anakihitaji kitabu, anaomba kwenye kundi, dakika tano anacho. Mwenye kitabu halali anamwambia apande gari aje mjini, na mjini duka linamwambia mzigo haujafika, maana kitabu kilichochapwa Dar kinasafiri zaidi ya kilomita 1,200 za reli kabla ya kuiona stesheni ya Kigoma. Duka la mtandaoni la ng'ambo linamtaka kadi ya benki. Haramia hana kadi, hana reli, hana maswali. Ni mbaya wa bidhaa na mzuri wa huduma, na sisi wenye vitabu halali ni kinyume chake.

Na steshenari? Tuseme kitabu dukani ni 15,000. Kurasa 200 za kitabu cha A5, ukikifungua wazi juu ya mashine, zinatoka mbili kwa kila upande wa A4, yaani kopi 100. Tuseme kopi ni 100, hiyo 10,000. Spairo na jalada 2,000. Mteja ameokoa 3,000 tu, akapata kitabu chenye kivuli cheusi katikati ambapo maneno yamezama kwenye mshono. Mtunzi, ambaye mrabaha wake wa kawaida ni asilimia 10, amepoteza 1,500. Kumbukeni hiyo 1,500.

Sasa badilisha bidhaa. Aina ya faili inayofaa simu inaitwa EPUB. Si siri ya wataalamu. Ni kifurushi cha zip. Ukibadili mwisho wa jina la faili lisilo na kufuli kuwa .zip na kulifungua, utakuta ndani kurasa zilizoandikwa kama kurasa za tovuti, picha, na orodha inayosema sura ipi inatangulia. Maneno hayana ukurasa wa kudumu. Yanajipanga upya kulingana na skrini, na bibi mwenye macho mazito anakuza herufi mpaka anaridhika bila kusukuma kulia wala kushoto. Maneno 60,000 ya Kiswahili ni kama KB 400, yakifungwa kwenye zip yanashuka chini ya 200, ongeza jalada la KB 100. Kitabu kizima KB 300. Ile MB 100 ya picha ingebeba vitabu zaidi ya 300 vya namna hii.

Kukitengeneza ni kazi ya siku mbili kwa mtu makini, na programu zote ni za bure: LibreOffice ya kuandikia, Sigil au Calibre ya kufungia, na EPUBCheck ya kukagulia. Kazi kubwa si kufunga, ni kusafisha. Waandishi wetu wanasukuma sura mpya kwenda ukurasa mwingine kwa kubonyeza Enter mara kumi na tano. Kwenye karatasi haionekani. Kwenye simu msomaji anapata skrini mbili tupu, anadhani kitabu kimekwisha. Vichwa vya sura viwekwe kwa mtindo wa Heading 1, si kwa kukoleza wino na kukuza herufi, kwani programu inatafuta mtindo huo ili ijue sura inaanzia wapi na itengeneze yaliyomo yanayobonyezeka. Aya ziingizwe ndani kwa mtindo, si kwa tabo. Picha zisizidi upana wa pikseli 1,200 na KB 200 kila moja, la sivyo simu yenye GB 1 ya RAM itaganda.

Mashairi yana adabu yake. Mshororo wa mizani 16 hautoshei kwenye simu herufi zikikuzwa. Unakunjika popote unapotaka, na kina cha kati kinapotea katikati ya mstari kama mtoto sokoni. Usipange kwa kubonyeza nafasi nyinginyingi. Kata mshororo palepale kwenye kina cha kati, ukwapi mstari wake, utao mstari wake ukiingizwa ndani kidogo kwa mtindo. Ubeti wa mishororo minne unakuwa mistari minane, vina vyote vinaonekana, na mghani anajua pa kupumulia.

Kisha kuna ng'. Alama ile ya juu ina sura mbili kwenye kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda. Ukiandika sura ya kwanza kwenye kompyuta na ya pili kwenye simu, kitabu kitakuwa na zote mbili, na programu nyingi za kusomea zinaziona ni herufi tofauti. Mwanafunzi anatafuta "ng'ombe" anaambiwa halipo, na ng'ombe wamejaa kitabu kizima. Chagua moja, badilisha zote kwa mkupuo kabla ya kufunga. Ukiwa unarudisha kitabu cha zamani kutoka karatasini, skani kwa dpi 300, tumia Tesseract, programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, iliyowekewa Kiswahili, halafu mtu aketi asome. Mashine itageuza m kuwa rn, herufi l kuwa tarakimu 1, na ng' itaivunja kila inapoweza. Kurasa 200 zinataka siku tatu nne za macho ya binadamu. Anayesema ataimaliza kwa jioni moja anadanganya, au hajui kusoma.

Na kuna neno moja fupi ambalo karibu kila mtu analisahau. Ndani ya EPUB kuna mahali pa kutaja lugha. Programu nyingi zinajaza "en" zenyewe. Andika "sw". Ukiliacha lile la kwanza, simu inayomsomea asiyeona kwa sauti itachukua sauti ya Kiingereza, na mama mkwe ataitwa kwa matamshi ya mtalii aliyeshuka leo uwanja wa ndege. Herufi mbili hizo ndizo tofauti kati ya kitabu na kelele. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila kuomba kibali cha kila mwenye haki, na Tanzania ilijiunga 2020. Picha za kurasa haziwafai hawa kabisa. Pidiefu ya picha kwa asiyeona ni ukuta.

Kuuza. Hapa nina maoni makali kidogo. Duka la Amazon humpa mtunzi asilimia 35 ya bei ikiwa chini ya dola 2.99, na bei anayoimudu mwanafunzi wetu iko chini ya hapo. Ukiweza kuweka huko kwa ajili ya ndugu walio ughaibuni, sawa. Msomaji wa Kigoma muuzie kwa lipa namba. Tuseme bei ni 2,000. Mteja analipa, anatuma ujumbe, unamtumia faili lenye jina lake ukurasa wa pili na mwisho wa kila sura: "Nakala ya fulani." Hilo si kufuli. Faili linafunguka kwenye simu yoyote, leo na miaka kumi ijayo. Ila mtu mwenye jina lake ndani ya kitabu husita kulirusha kwenye kundi la watu 200. Usiandike namba yake ya simu, faili likisambaa utakuwa umemwanika. Na likisambaa kweli usikimbilie kumwita mwizi. Simu huibwa, simu huuzwa na kadi ikiwa ndani.

Steshenari ikiwa wakala, ichukue 500. Mtunzi anabaki na 1,500, ileile aliyokuwa akiipata kwenye kitabu cha 15,000, bila karatasi, bila treni. Wenye steshenari mnakuna vichwa, naelewa: 500 kwa dakika mbili si 10,000 ya kopi 100. Kweli. Lakini toeni karatasi, toeni wino wa mashine ambao nyie ndio mnajua bei yake, toeni dakika arobaini za kijana aliyesimama anafungua na kufunika mfuniko, halafu hesabuni ni wateja wangapi kwa wiki wana 12,000 na ni wangapi wana 2,000.

Na kopi msiiache, ihalalisheni. Mtunzi awape faili la kuchapa la A5 na ruhusa ya maandishi: kila nakala mnayochapa, 1,500 inakwenda kwake. Kurasa 200 zinakaa nne kwa karatasi moja ya A4 iliyochapwa pande zote na kukunjwa, yaani karatasi 50. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa vitabu kumi. Ila msikunje karatasi 50 pamoja na kupiga pini, haishiki, na kurasa za katikati zinachomoza nje. Gawanyeni karatasi tano tano, kila fungu kurasa 20, mafungu kumi, myashone kwa uzi mgongoni kisha gundi. Mashine isiyogeuza karatasi yenyewe ijaribiwe kwanza kwa karatasi moja mliyoitia alama ya penseli kwenye kona, mjue inageuzwa upande gani. Asiyejaribu anaharibu rimu nzima, kurasa zote za nyuma zimesimama kichwa chini.

Walimu huuliza: je, vipo vya halali vya bure? Vipo, na vingi kuliko tunavyotumia. Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake. African Storybook wana hadithi za watoto kwa Kiswahili zenye leseni inayokuruhusu kunakili, kuchapa, hata kutafsiri kwa Kiha, mradi umtaje mwandishi. Kisha kuna kazi ambazo ulinzi wake umekwisha. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa maneno yake hapa nchini ulikoma mwisho wa 2012. Nasema maneno yake. Utangulizi alioandika mhariri juzi, maelezo, michoro na jalada la toleo jipya ni vya wengine, na nchi nyingine zina hesabu yao. Anayetaka kuchapa aandike COSOTA kwanza athibitishe kitabu kwa kitabu. Barua ni ya bei nafuu kuliko wakili.

Jambo dogo la usalama, nilipite haraka. Kitabu kinaishia na .epub au .pdf. Kikiishia na .apk hicho ni programu, hata kama jina lake ni la kitabu cha kidato cha nne, na kikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako mfupi kinatafuta namba za siri za miamala. Futa. Vile vifaa vya kusomea vyenye wino wa kielektroniki ni vizuri, skrini yake inakula umeme hasa kurasa zinapogeuzwa, lakini bei yake ni ya simu nzima. Programu ya ReadEra kwenye simu uliyonayo ni ya bure, haina matangazo na haihitaji intaneti.

Nimalizie na hiki kisanduku hapa mezani, maana naona vijana mnakitazama kuliko mnavyonitazama mimi. Ni Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja. Ndani ina kadi ya GB 32. Ukihesabu kitabu MB 1, na vingi havifiki, nafasi inatosha vitabu 30,000, kwa hiyo nafasi si tatizo letu hata kidogo. Inatoa wifi yake yenyewe, haina intaneti, haina bando. Watu kadhaa wanapakua kwa pamoja bila ugomvi. Inakula wati 5 hivi. Pawa benki ya mAh 20,000 ina kama Wh 74 kwenye karatasi, ondoa upotevu, zinabaki 60: saa kumi hadi kumi na mbili. Siku nzima ya shule, TANESCO wawepo wasiwepo.

Inachoharibika ni kadi. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, mafaili yanavunjika na kisanduku hakiwaki tena. Dawa ni mbili: kipitishiwe pawa benki kila wakati hata umeme ukiwepo, na kadi ikishajazwa vitabu ifungwe kuandikwa, iwe ya kusomwa tu. Tengenezeni na kadi ya pili inayofanana, ikae kwenye droo ya mwalimu mkuu. Isikae kwenye droo ya mwalimu wa kompyuta, ataipangia kazi nyingine.

Kosa la pili ni la simu zenu. Simu ikiunganishwa na wifi isiyo na intaneti inaona imedanganywa, inarudi kimyakimya kwenye data ya laini, na ukurasa wa vitabu haufunguki. Mtu anasema kisanduku kibovu. Si kibovu. Zima data, unganisha, na simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, jibu ndiyo.

Vilivyomo ni vya leseni huria na vya watunzi wawili waliotoa ruhusa, kwa hiyo chukueni mnachotaka na muwarushie wa nyumbani. Wifi inaitwa Kitabu, haina nywila. Zimeni data sasa. Ukikwama niite nije, ila nitakachofanya nikifika ni kuizima hiyo data uliyosema umeizima.